Dakika Moja kwa Dada

Shosti, usicheke. Na usinipigie, tuko hema moja na watu.

Haya matembezi ya saratani ya matiti ni siku tatu, na kila mtu amebandikwa karatasi mgongoni: "Natembea kwa ajili ya", halafu unajaza. Wengi wameandika mama, shangazi. Mimi niliyeugua mwenyewe nikaona haya kuandika "mimi". Nikaandika "Dada".

Jana hakuna aliyeniuliza. Leo tumekaa kupumzisha miguu, mama mmoja fundi cherehani akanisoma mgongoni. "Pole mwanangu. Dada alituacha lini?"

Alituacha lini. Nikajikuta nasema, "Miaka miwili sasa."

Miaka miwili, shosti. Tangu nifanyiwe upasuaji. Unajua dada yangu hakukanyaga wodini hata siku moja, wala kupiga simu. Sikusema amekufa. Ila sikukanusha.

Mama wa watu akaenda kumwambia kiongozi wa msafara. Kumbe kiongozi ana kipaza sauti. "Tusimame dakika moja kwa dada wa mwenzetu."

Watu mia mbili wamevua kofia barabarani. Kwa dada. Ambaye saa hiyo yuko dukani kwake mzima wa afya, anapima vitambaa.

Nikainama ili wasinione uso. Nikalia, shosti, na sikuwa naigiza. Fundi akanishika bega. Hajawahi mtu kunishika hivyo tangu niugue.

Akaninong'oneza, "Mlikuwa mnapendana sana."

Nikasema, "Sana."

Katika yote niliyoyasema leo, hilo ndilo lililoniuma kulitamka, kwa sababu ni kweli.