Iria Aliyoisomea Kathambi

S.L.P. 31,
Kangeta, Meru.
17 Machi 2024.

Mpendwa mpwa wangu Kawira,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Gladwell, ambaye hunikumbusha kila asubuhi kwamba sijakuandikia. Hujambo? Baridi ya huko Kanada imepungua? Na ule mgongo unaokusumbua ukiwainua wagonjwa umepoa? Mimi magoti yananilemea, lakini kusoma bado nasoma.

Tulimzika dada yako Kathambi Alhamisi iliyopita, kando ya baba yenu, pale miraa inapoishia. Najua jinsi ulivyoumia makaratasi yalipokuzuia kusafiri. Usijilaumu, mwanangu. Nilitupa udongo mara mbili, mara ya pili kwa jina lako.

Sasa kuna jambo ambalo heri ulisikie kutoka kwangu. Mama yenu amejua.

Unakumbuka kwamba barua ya chuo ilipofika mwaka 1983, mimi ndimi niliyemsomea mama yenu. Yeye aliogopa maji tangu mto Ura ulipomchukua kaka yetu. Nilijua nikitaja bahari, Kathambi haendi popote. Nikamwambia mtoto amepata nafasi ya kusomea iria. Kimeru chetu unakijua: iria ni maziwa ya ng'ombe, na bahari pia ni iria. Hata Kiswahili kina mchezo huohuo, maana kuna maziwa ya chai na kuna maziwa kama Turkana na Baringo. Sikudanganya; nilichagua neno, nikanyamaza. Mama yenu akachinja jogoo.

Basi miaka arobaini Kathambi akawa daktari wa ng'ombe hapa nyumbani. Kila Krismasi jirani yetu Mbogo alikuwa mlangoni: "Daktari, wangu amevimba titi moja." Naye Kathambi, maskini, alikuwa amesoma kijitabu cha mifugo njiani ili asiniaibishe. Mbogo akimwona na chai ya rangi alimcheka: "Daktari wa maziwa gani huyu asiyeyanywa!" Wewe na dada yako mlikuwa mkikimbilia jikoni kucheka. Mimi nilicheka pia.

Mazishini alisimama mwenzake wa kazi kutoka Mombasa, mama mmoja aitwaye Felicitas. Alisema kwa Kiswahili kwamba Kathambi alikuwa mwanamke wa kwanza katika kituo chao cha utafiti wa bahari kupiga mbizi. Kwamba alijifunza kuogelea akiwa na miaka ishirini, yeye ambaye maji hayakuwahi kumpita magoti. Kwamba wakubwa walimcheka alipotaka kuchunguza nyasi zinazoota chini ya bahari, wakamwambia atafute samaki wanaoliwa, naye akazichorea ramani ukanda mzima wa pwani, miaka thelathini, mpaka saratani ilipomtoa majini.

Mama yenu alinivuta koti. "Riungu, huyu anamzika nani?"

Nikasema, "Anamsema mtoto wetu."

"Bahari?"

"Bahari."

Hakulia pale. Jana alikuja mwenyewe na mkongojo wake, akakataa kiti. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Aliniambia hivi: "Kila alipokuja nilimuuliza habari za ng'ombe. Hizo za bahari alikuwa akimwambia nani?"

Kawira, nimefundisha miaka thelathini na saba. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza swali kama hilo.

Nililia mbele yake, yeye dada yangu mkubwa, mpaka akachoka kusimama akaketi. Kisha akasema, "Wewe si mwalimu? Nifundishe." Nikaanza. Nikamweleza chumvi, kupwa na kujaa, na hizo nyasi. Nikamweleza nguva, ambao Kathambi alikuwa akiwahesabu wachache waliobaki: mnyama mkubwa asiye samaki, hupanda juu kuvuta pumzi, hushuka kula nyasi za chini, na huzaa na kunyonyesha kama ng'ombe.

Hapo alinisimamisha. "Ana iria?"

"Anayo."

"Ndani ya iria?"

"Ndani ya iria."

"Kathambi aliiona?"

Jibu tamu lilikuwa tayari mdomoni, nami nikalimeza. Nikamwambia sijui, nitamuuliza Kawira, kwa kuwa ni wewe aliyekuwa akikuandikia. Tangu asubuhi ananiuliza kama barua imeondoka.

Kwa hiyo nakuuliza. Je, dada yako aliwahi kukwambia kwamba alimwona nguva akinyonyesha? Nitafutie katika barua zake. Niandikie na mengine yote aliyokusimulia, hata madogo. Kama hakumwona, andika kwamba hakumwona. Andika kwa Kimeru, nami nitamsomea mama yenu kila neno kama lilivyo.

Msalimie mumeo Kiambi, na watoto uwakumbatie kwa niaba ya nyanya yao. Mungu akushike mkono huko uliko, akupe wa kulia naye.

Ndimi mjomba wako akupendaye,
Riungu