Sifuri Kumi na Moja Kwenye Benchi Moja

Jumatano, Thika. Saa kumi jioni na dakika zake.

Mawingu yamejaa upande wa Ruiru lakini huku hakunyeshi, kuna joto tu la kukera. Nimekaa kwa hoteli iliyo mkabala na ofisi yetu, chai imepoa mbele yangu, na nina hasira. Sitaki kuipamba. Mama mwenye hoteli ameniuliza mara mbili kama chai ina kasoro. Chai haina kasoro, mama. Mwenye kasoro ni mimi.

Ofisi inafungwa saa kumi na moja. Huo ndio muda nilio nao wa kuamua kama nitapanda zile ngazi, au nitarudi zangu Mugutha nikajifanye mtu asiyejua kitu.

Wacha niandike yote nijisome.

Kwa msiojua, kazi yangu ni kuuliza maswali. Niliajiriwa kwa utafiti wa baridi yabisi, ule ugonjwa wa viungo ambao mwili unajishambulia wenyewe. Vidole vinavimba, asubuhi vinakakamaa, na ukikosa dawa vinapinda na havinyooki tena. Watu wengi huku wanaambiwa ni uzee. Unaenda zahanati na mikono imefura, unapewa tembe za maumivu, unaambiwa pole shosho, pole nyanya, umri umesonga. Hata kama hujafika sitini.

Mimi si daktari, sigusi mtu. Nabeba tableti na kusoma kilichoandikwa. Je, unaweza kufunga vifungo vya nguo? Unaweza kumenya chakula? Kufua? Kujiosha mwili mzima? Kama huna shida ni sifuri, kama huwezi kabisa ni tatu. Ukifikisha alama za kutosha unaletwa hapa Thika kwa daktari wa viungo, unapimwa damu, unaanzishiwa dawa na kufuatiliwa mpaka utafiti uishe. Usipofikisha, asante kwa muda wako, kwaheri. Usajili unafungwa Ijumaa. Yaani kesho kutwa.

Kuna sheria moja tuliyofundishwa mpaka tukachoka nayo: kila mtu anahojiwa peke yake, mahali ambapo hakuna mwingine anayesikia. Nilifanyiwa mtihani juu ya hiyo sheria. Nilipita.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Wiki iliyopita tulikuwa Ngoliba. Kanisa moja lilituazima chumba cha mchungaji, chumba cha mabati chenye kidirisha kimoja ambacho hakifunguki. Ngoliba na jua lake, unajua. Nilihoji mama mmoja humo ndani, nikatoka jasho linanitiririka mgongoni, nikamwambia supavaiza wetu: si tuwaweke tu hapa nje kwa benchi, chini ya tenti, niende nikiuliza mmoja mmoja walivyokaa? Tutamaliza mapema. Akaangalia saa, akasema, "Sawa, songa."

Lilikuwa wazo langu. Nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kutukana watu wengine.

Nikasonga. Kufikia saa sita nilikuwa nimemaliza wanawake kumi na mmoja pale nje, na supavaiza akaweka jina langu kwa kikundi chetu cha Watsapu na picha za makofi. Nilijiona wa maana sana.

Kwenye hiyo benchi kulikuwa na mama mmoja mwenye mdomo, nitamwita Mama Ciku. Si mtu mbaya, ni wale wa kuchangamsha watu. Niliposoma swali la kufua, akadakia kabla mwenzake hajajibu. "Mimi nisipoweza kufua nitamwambia nani? Mzee? Kuna mmoja huko chini alionekana akianika nguo za bibi yake. Amekaliwa chapati huyo, bibi ndiye anamtawala!"

Benchi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka tableti ikataka kunitoka mkononi.

Aliyefuata kwenye benchi ni mtu nitakayemwita Shosho Nyambura. Mikono yake ilikuwa chini ya leso, ameikalisha mapajani, na kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri sana. Vifungo? Naweza. Kumenya? Naweza. Kufua? Naweza, nashukuru Mungu. Sifuri, sifuri, sifuri. Mwisho nikampa fomu ya kuthibitisha amehojiwa aweke alama ya kidole gumba, na kidole hakikutaka kukaa sawa. Kiliteleza, wino ukachafua karatasi. Nikafikiria tu wino wetu ni mbaya.

Wino!

Jana hiyo fomu ikarudishwa na ofisi. Alama haisomeki, rudi ukachukue upya. Kwa hivyo leo asubuhi nikarudi Ngoliba peke yangu, nikaelekezwa nyumbani kwao, nikapiga hodi na kuingia kabla sijajibiwa, tabia niliyotoka nayo kwetu na ambayo mama yangu hajawahi kuiweza.

Mzee wake alikuwa amekaa kwa kiti kidogo nje ya jikoni, karai katikati ya miguu, anamenya waru. Shosho amekaa kando yake, mikono wazi juu ya magoti, jua likiipiga. Hapo ndipo niliiona. Vifundo vimefura na kung'aa, vidole vya mkono wa kushoto vimeanza kulala upande mmoja. Wa kulia bado umenyooka, ila umevimba.

Kaona mgeni. Ghai, sijawahi kuona mzee akiruka vile. Alisimama, akampachika shosho kisu mkononi, akamsogezea karai, akaanza kukohoa na kuangalia ng'ombe, na ng'ombe hakuwepo. Shosho naye akachukua kiazi kimoja ili nione kwamba anamenya. Alikibana na kile kisu kwa viganja viwili, vidole havikufunga. Kisu kikaanguka ndani ya karai.

Mimi nilikuwa bado nimeshika ile fomu.

Kisha nikafanya kitu cha kijinga, nikasema, "Lakini shosho, uliniambia unaweza."

Akaniangalia, si kwa hasira, na ningeomba ingekuwa hasira. "Mama Ciku akisema ile maneno, mimi nilikuangalia," akasema. "Wewe ukacheka. Sasa ningekuambia aje?"

Aki ya nani, ningetamani ardhi inimeze na tableti yangu.

Ikawa sasa inabidi nimweleze mzee, kwa sababu alikuwa hajui. Yeye alidhani mkewe alihojiwa, akaonekana ni uzee kama kawaida, akarudishwa. Guka huyu, ndivyo Wakikuyu tunavyoita babu, ni mzee wa kanisa, yule wa kusimama mbele na kusoma matangazo. Kila asubuhi anaamka kabla ya majirani kuamka, anachota maji, anamvisha mkewe, anamfunga vifungo vya sweta, anamfunga kile kitambaa. Kile kitambaa kizuri kilichonifanya niandike sifuri kwa moyo mweupe, kilifungwa na yeye. Anapika mlango ukiwa umefungwa. Nguo anafua ndani ya nyumba. Shosho alijua akisema siwezi mbele ya ile benchi, kabla ya jua kutua kijiji kizima kingekuwa kinauliza: basi ni nani anamfanyia?

Guka alinisikiliza mpaka mwisho. Akageukia mkewe.

"Kwa hivyo umekosa dawa juu yangu?"

Shosho akaangalia chini. Guka akarudia, safari hii kwa Kikuyu. Halafu akachukua kile kisu kwenye karai, akakaa, akaendelea kumenya waru mbele yangu, kwa nguvu, maganda mazito, huku amenikazia macho. Nadhani hakuna mtu amewahi kunikasirikia hivyo. Nami nilistahili.

Aliponisindikiza mpaka kwa geti ndipo alisema. "Huyo daktari wa Thika, anaweza kuokoa ule mkono mwingine?"

Nikasema mimi si daktari, lakini nimesikia wakisema dawa ikianza mapema viungo ambavyo havijaharibika vinaweza kulindwa.

"Basi andika. Andika mimi ndio napika. Andika kila mahali. Na mkirudi mniambie ni saa ngapi, niweke githeri mapema, Mama Ciku akuje aonje. Wacha waseme nimekaliwa." Halafu akafunga geti.

Shosho mwenyewe hakusema niandike. Kwa hivyo hapa majina nimebadilisha, hata zile waru huenda hazikuwa waru.

Nikiwa barabarani nikampigia supavaiza. Nilimweleza yote, nikiongea mbio mbio, nikilia kidogo, sitadanganya. Akasema, "Tulia. Huyo mama mmoja si shida. Ingia kwa tableti, fungua jina lake, mwekee mbili mbili na tatu hapo kwa vifungo. Imeisha hiyo."

Nikamuuliza, na wale wengine?

"Wengine gani?"

Yaani. Wengine gani! Supavaiza wangu si mtu mbaya, na hiyo ndiyo inanichoma. Ndiye alinipigania nikapata hii kazi baada ya miaka miwili ya kutuma barua. Alitaka kunisaidia. Na nitakiri hapa: niliingia. Nikiwa nimekaa hapa hapa, chai bado ina moto, nilifungua jina la Shosho na kidole changu kikawa juu ya ile sifuri ya vifungo. Ilibaki kubonyeza tu. Shosho angepata dawa, mimi ningebaki na kazi, na Guka angepika githeri yake.

Kisha nikarudi nyuma kidogo kwenye orodha ili nihakikishe nimefungua mtu sahihi, nikaziona. Vifungo: sifuri. Sifuri. Sifuri. Kumenya, kufua, kujiosha, benchi nzima, wanawake kumi na mmoja, wengi wao wametumia mikono kulima tangu utotoni, hakuna hata mmoja mwenye shida na kidole. Yule mmoja niliyemhoji ndani ya kile chumba cha moto, peke yake, alikuwa amejaa mbili na tatu. Nje kwenye hewa safi, wote wazima kabisa. Na hata sikushtuka. Nilipigiwa makofi.

Sasa nawakumbuka. Kuna aliyeshika kalamu kwa ngumi. Kuna aliyeomba jirani amvute kusimama, akajifanya ni mzaha, tukacheka tena. Ni wangapi kati yao wana mtu nyumbani anayewafunga kitambaa mlango ukiwa umefungwa? Wangapi hawana mtu, na wanavaa sweta za kuingizia kichwani? Sijui. Kazi yangu ilikuwa kujua.

Na siku moja mtu atauliza mbona upande ule hakuna kliniki ya viungo, ataonyeshwa takwimu zangu. Watu wa Ngoliba? Hao hawaumwi, tulipima. Ujinga wangu wa asubuhi moja utakaa kwenye ripoti ukiitwa sayansi. Nikimwekea Shosho namba za kupika, hiyo ni sayansi yangu ya pili. Na wale kumi ninawazika.

Nina hasira na kile chumba cha mabati. Nina hasira na kijiji ambacho mwanamume akimfulia mke mgonjwa anafanywa hadithi. Nina hasira na makofi ya Watsapu. Lakini kicheko kile kilikuwa changu, na nikijaribu kumtupia Mama Ciku hakishiki.

Saa kumi na nusu.

Kuna fomu ya kuripoti makosa. Iko kwenye tableti, mwisho kabisa, na sijawahi kuona mtu akiijaza. Mahojiano yakiripotiwa kwamba hayakufanywa kwa faragha yanafutwa, na wahojiwa wanarudiwa upya, daktari mkuu wa utafiti alitueleza mwenyewe siku ya mafunzo. Kesho yote na Ijumaa asubuhi zinatosha watu kumi na mmoja, kama wataniamini nirudi, au wamtume mwingine. Nikipigwa kalamu, atakwenda mwingine. Supavaiza ataulizwa pia, na labda hatanisalimia tena.

Nimeanza kuijaza hapa mezani. Nini kilifanyika? Niliwahoji mbele ya watu. Wangapi? Kumi na mmoja. Ulijuaje? Guka aliniruhusu, Shosho hakuniruhusu. Nimeandika tu: nilirudi nikagundua. Kisu na karai wabaki navyo wenyewe.

Swali la mwisho ni neno moja. Ni lile lile ambalo Shosho aliliogopa mpaka akaacha mkono wake upotee ili asilijibu mbele ya wenzake: Nani?

Nimeandika majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwa kitambulisho.

Saa kumi na moja kasorobo. Mama, kuja uchukue kikombe. Napanda.