Gita Si Cherehani, Shemeji

Shemeji,

Nimetoboa gita lako. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe unanijua. Matundu ni mawili, kule nyuma nyuzi zinakofungiwa, kila moja linatosha kupitisha waya wa breki ya baiskeli. Niliyatoboa kwa keekee ya karakana, saa ya chakula cha mchana, mlango nimeuegemezea jiwe. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi Selina wako anaolewa, na mimi mjomba wake ndiye nitakayepiga ule wimbo wako wa kumtoa nyumbani. Nimeomba ruhusa kazini, na sijui nimeiombea nini, maana sijakaa kitako tangu asubuhi. Nimetembea mpaka ziwani nikarudi. Nimekwenda stesheni bila shughuli yoyote nikasimama kutazama mabehewa yakipangwa. Nimechemsha chai mara mbili, zote zimepoa. Hata hii barua naiandika nimesimama, karatasi iko dirishani, na kila baada ya mstari mmoja natoka nje kidogo halafu narudi. Dada yangu Marita akiniona hivi husema nina siafu ndani ya suruali.

Habari za hapa ni zilezile na si zilezile. Kule shedi ya reli wamempa mtu mwingine benchi lako la kazi, fundi fita kutoka Kisumu, mpole, hana makosa, lakini ametundika koti lake kwenye msumari wako na mimi sipiti upande huo. Njoroge, mpiga kodiani wetu, yule aliyepandishwa lori la askari pamoja na watu wa kabila lake wakati wa msako, bado hajarudi na hatujasikia neno. Nafasi yake hatujampa mtu. Na mimi ndiye nina gita. Tulipokwisha kukuzika nyumbani tukarudi Nakuru, Marita alilitoa chini ya kitanda akanikabidhi. Hakulia. Alisema tu, "Chukua wewe, hapa linanitazama."

Nililichukua kwa furaha zaidi kuliko inavyomfaa mtu aliyefiwa. Halafu nikakaa nalo nyumbani, nikalilaza mapajani kama ulivyonifundisha, nikashika kile chuma chako, ile pini ya injini uliyokuwa ukiitelezesha juu ya nyuzi, nikakumbuka gumba langu.

Ulikuwapo siku ile. Behewa lilirudi nyuma kabla ya filimbi, na gumba la kushoto likabanwa. Ulilifunga kwa kitambaa chako cha jasho ukawa unanitania njia nzima hadi zahanati ili nisizimie. Lilipona, lakini kiungo cha juu hakikunji tena, na wewe unajua vizuri kuliko mtu yeyote maana yake ni nini. Ulipotaka sauti tatu zikubaliane, ulikilaza chuma mshazari juu ya nyuzi, ncha moja mbele, nyingine nyuma, kwa kukisukuma na gumba tu, bila kutazama, huku ukizungumza na watu. Mimi gumba linagoma. Sauti mbili zinakubaliana na ya tatu inalia kama mlango wa choo.

Hapo ndipo nikakumbuka pedali.

Najua unachosema. Nakumbuka siku ile kwenye duka la santuri, yule mwenye duka alipotuwekea sahani mpya ya Wamarekani, na gita likawa linapanda na kushuka kama hakuna mkono unaoligusa. Akatufungulia kitabu cha bidhaa tuone picha: gita limesimama kwa miguu yake minne, na chini kuna pedali za kukanyaga, kila moja inavuta uzi wake. Mimi nilisahau kufumba mdomo. Wewe uliitazama kwa heshima, ukamrudishia kitabu chake, ukasema, "Gita si cherehani." Tukatoka.

Nilikubishia mpaka tukafika landi, kwenye nyumba zetu za reli. Nilikwambia kwa pedali mtu anafika kwenye sauti moja kwa moja bila kuhangaika. Ukasema huko kuhangaika ndiko unakokupenda, kwamba chuma kikiwa njiani kinaenda kutafuta sauti, hapo ndipo wimbo ulipo. Nikakwambia hayo ni maneno ya mtu asiye na pesa ya pedali. Ukacheka. Ukasema mguu wako ulifundishwa jeshini, umetembezwa Seiloni na Burma kwa amri, kushoto kulia kushoto kulia, na hutaki kuuona karibu na gita. Mkono ndio uliojifunza kitu chake wenyewe huko, kwa yule baharia mgonjwa uliyemkuta hospitalini, aliyekuwa akipiga gita amelala kitandani. Basi mkono uachwe huru. Ndivyo ulivyosema, na nilidhani ni mzaha.

Kwa hiyo nilijua. Sitasema sikujua. Nilizitoa waya za breki kwenye baiskeli yangu mwenyewe, ndiyo maana siku hizi natembea kwa miguu. Nikachonga vibao viwili vya kukanyagia, nikatengeneza springi za kuvirudisha, nikatoboa. Siku ya kwanza nilipokanyaga, uzi ukavutwa, sauti ikapanda ikakaa palepale inapotakiwa, na chuma kimenyooka, gumba halijafanya kazi yoyote. Shemeji, nililia. Nilipiga mambo ambayo sikuwahi kuyaweza hata kabla ya kubanwa.

Na watu wakaja. Landi nzima ikawa mlangoni kwangu, watoto mbele, wakubwa nyuma wakijifanya wanapita. Wakaliita gita la kukanyaga. Habari ikafika Subukia, ambako bwana harusi wetu anaendesha trekta kwenye shamba moja la mzungu, kijana mzuri, ana maneno mengi, utampenda halafu utamchoka halafu utampenda tena. Amewatangazia watu wake wote. Selina naye akanijia akinishika mkono kama alipokuwa mdogo: "Mjomba, uje na ile ya kukanyaga. Watu wa huko wanataka kuiona." Nikamwahidi. Nilikuwa nimevimba kichwa, sikatai.

Jumapili iliyopita nikalibeba mpaka kwa Marita, nimsikilizishe wimbo kabla ya harusi. Ule uliomtungia Selina alipozaliwa, usio na maneno. Mkeo alikuwa ameketi na ungo, anachambua maharagwe. Nikaupiga wote, sauti tatu kamili, hakuna hata moja iliyoteleza. Nilipomaliza nikamtazama. Aliendelea na maharagwe muda mrefu. Kisha akasema, "Imejaa sana. Mtu ataingilia wapi?"

Nilikasirika, shemeji. Nilimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii dada yake. Nilimwambia hajui gita, kwamba yeye kazi yake ilikuwa kukupikia wewe ukipiga, na kwamba anataka nishindwe ili wewe ubaki mkubwa. Yeye aliokota jiwe dogo kwenye ungo akalitupa nje ya mlango. Nikabeba gita langu nikaondoka. Gita lako, nilitaka kusema.

Jumatatu sikulala vizuri, Jumanne sikula vizuri. Jumanne jioni nikazifungua zile waya, bila kuamua lolote, mikono tu ilitaka kazi. Nikaona chuma chako kimeanza kushika kutu. Kumbe kwa miezi mingi sikuwa nimekisugua, maana kwa pedali hata chuma chenye kutu kidogo hakikusumbui. Nikatafuta kile kikopo chako cha unga mweupe wa kung'arishia, unaotoka machimbo ya Kariandusi, ule uliokuwa ukipewa na binamu yako anayechimba huko, nikakisugua chuma kwa kitambaa mpaka nikauona uso wangu. Uliwahi kuniambia injini iliyotumia pini hii ilikwisha kufa, lakini pini bado inasafiri. Nililicheka neno hilo peke yangu na kisha sikucheka.

Jana nikaenda kumwomba Marita msamaha. Alikuwa jikoni, anasonga ugali, hakutoka. Nikakaa kwenye lile benchi lako la mlangoni, kwa sababu maneno ya msamaha yalikuwa hayatoki, nikalilaza gita mapajani, bila pedali, na gumba langu bovu. Nikaanza wimbo wa Selina. Pale penye sauti tatu nikapiga mbili, nikaiacha ya tatu, kwani ningefanya nini?

Ikaja kutoka jikoni.

Hakuiimba kwa nguvu. Aliiimba kama mtu anavyoimba mikono ikiwa na kazi, bila neno, lakini ilikuwa ndiyo yenyewe, na ilikaa mahali pake hasa. Vidole vikasimama vyenyewe. Akaniita kutoka ndani, "Endelea, mbona umesimama?" Nikamuuliza ameanza lini kuimba hivyo. Akasema, "Tangu Selina akiwa mgongoni. Baba Selina alikuwa ananiachia hiyo."

Miaka yote nilidhani nakujua unavyopiga. Ukiwa na watu ulipiga tatu, ukalaza chuma mshazari, ukafanya mbwembwe zako, na ukiniona mlangoni pia ulipiga tatu kwa sababu mimi nilikuwa watu. Nyumbani kwako, mlango ukiwa umefungwa, ulikuwa unapiga mbili. Na nikakumbuka kitu kingine ambacho ningependa nisingekikumbuka. Siku ya gumba, tukirudi kutoka zahanati, uliniambia, "Utapiga nyuzi mbili. Zinakutosha." Nilidhani unanihurumia. Sikusema na wewe wiki nzima, na wewe uliniletea uji kila asubuhi bila kuuliza kwa nini.

Nisamehe kwa wiki ile. Naiwaza kuliko haya matundu.

Sasa nikueleze kwa nini sikai. Jana jioni nilimwambia Selina kwamba nitapiga mapajani, bila pedali. Amenuna. Akikasirika ana nyusi zako. Aliniambia, "Mjomba, nimeshawaambia watu," kisha akatoka nje akaanza kuanua nguo zilizokuwa hazijakauka. Sikumweleza mambo ya mama yake, kwa sababu sijui kama ni yangu kuyaeleza. Yeye alikuwa mgongoni, hakumbuki. Kwake sauti ile ni mama anaimba jikoni, basi. Na waya ziko mezani kwangu. Kuzirudisha ni kazi ya saa moja. Siku nzima nimekuwa nikiziendea na kuziacha, na nilipoishika kalamu nilitaka wewe uniambie la kufanya, ukijua huwezi.

Ni harusi yake, si yangu. Hilo nimelisema njia nzima ya kwenda ziwani. Nikirudi nikasema: lakini ni wimbo wake, na hajawahi kuusikia mzima akiwa mtu mzima. Nikiupiga kwa pedali, watu wa Subukia watashangilia, bwana harusi atavimba, na Marita atakuwa amesimama pale katikati ya wakwe na gauni lake jipya, hana pa kuingilia. Nikipiga mbili, huenda asithubutu kuimba mbele ya watu, na wimbo utabaki na tundu, nitaonekana nimeshindwa kazi, na Selina ataninunia mpaka apate mtoto.

Nimetoka nje tena. Safari hii nimekaa kidogo zaidi, na ukiona doa la grisi hapa pembeni usishangae. Nimezirudisha waya kwenye baiskeli. Breki ya mbele inashika vizuri, ya nyuma inahitaji kukazwa. Jumamosi asubuhi nitakwenda harusini kwa baiskeli, gita mgongoni, na pale kwenye mteremko wa shedi nitashika breki na kukukumbuka.

Matundu sitayaziba. Yakae hapo, anayetaka kuuliza aulize, nitamjibu kwamba niliyatoboa mimi.

Kwaheri, shemeji. Nakuahidi jambo moja, na Marita asijue kwamba nimekuahidi. Nitapiga nyuzi mbili na kuiacha ya tatu, hata pale pakikaa kimya mbele ya Subukia nzima sitapajaza, na nitarudia tangu mwanzo mara nyingi kadiri itakavyohitajika, mpaka dada yangu aingie. Sauti ile haikuwa yangu, na sasa najua haikuwa yako pia.

Acha nikakae. Gita lako halipigwi na mtu aliyesimama.

Shemeji yako,
Yohana