Mzee Mfaume, Aliyefuata Godoro

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu utuache na sindano yako ya magodoro imechomekwa ukutani, uzi bado uko kwenye tundu.

Ulishona magodoro ya nusu ya Gongoni. Ulikuwa huwezi kukaa kwa mtu bila kubonyeza la kwake na kusema, "Pamba imelala hii, ilete." Mgeni aliyekosa pa kulala ulimpa godoro la mteja, asubuhi ukalishona upya.

Halafu ikaja ile filamu, Posa ya Gongoni. Tuseme ukweli, ni ya kijinga. Fundi godoro anafika nyumba ya watu, wanadhani ndiye mshenga wa tajiri, wanamchinjia kuku. Mastaa wake tumeshawasahau. Wewe, ndiye fundi huyo, ulipewa dakika nane na maneno machache, "Mimi nimefuata godoro tu." Uliyasema mara sita, kila mara kwa upole zaidi, mdomo umejaa paja la kuku. Watu wanaitafuta filamu ile kwa ajili yako. Sokoni wakikusalimia, "Shikamoo mshenga," ulikuwa ukijibu, "Marahaba, nimefuata godoro tu."

Ulikuwa unaniambia, "Majidi, chuo umeweza kukiacha, masihara yamekushinda kuyaacha." Ulijua. Siku ya arobaini yako watani walianza vituko vyao vya kukuigiza, nami nikawaingilia kazi ambayo si ya mtoto wa marehemu. Nikavaa koti lako la kwenye filamu, nikajitwisha godoro, nikaingia kwa mwendo wako. Watu wakacheka. Mama, na macho yake yenye ukungu, akainuka mkekani.

"Baba Zuwena, mbona umechelewa hivyo? Wali umepoa."

Nikasema maneno yako. Sauti ikatoka yangu, si yako, Baba. Mama akakaa chini, na tangu siku hiyo hajacheka.

Juzi dada Zuwena aliwasha ile filamu, tukidhani itamsaidia. Mama akasogea karibu na tivii, akakusikiliza mpaka kuku akaisha.

"Zima," akasema. "Na huyu naye siye."

Koti nimelikunja, sitalivaa tena. Dua ni leo baada ya Alasiri, hapa nyumbani.

Unakumbukwa na mkeo Mwamvita, binti yako Zuwena, mimi mwanao Majidi, na ndugu zako wote wa Lusu. Tutakukumbuka daima, Baba. Hakuna kingine tunachoweza.