Viazi Viwili vya Wanjiru

Mama, pokea salamu za Bungoma. Kuku wa huku si mchezo!

Leo mjukuu wako Wanjiru alisimama mbele ya majaji wa sayansi na viazi viwili alivyochonga kama macho. Akivuta uzi, vyote vinageuka pamoja. Jaji akamuuliza, "Na kichwani anayevuta ni nani?"

Akashika kisogo. "Shina la ubongo, hapa nyuma." Kisha akalegeza uzi, kiazi kimoja kikabaki kikiangalia kando. "Kiharusi kilimguza cucu, bibi yangu, hapo. Watu husema ati amerogwa. Wapi!"

Ukumbi wote ukapiga makofi. Tumekuwa namba moja, Mama!

Jumapili ukienda kanisa hapo Kitale, usivute kitambaa kufunika hilo jicho. Ndilo limetuletea kombe.

Nakupenda sana,
Nyambura wako