Mkwe Amenikuta Sakafuni

Shoga, uko? Leo nimeadhirika, sijui nianzie wapi.

Nilikaa sakafuni sebuleni kunyoosha miguu kama daktari alivyonielekeza. Kunyanyuka, magoti yakagoma! Nikashika kochi, nalo likateleza.

Anaingia nani? Mume wa binti yangu. Mkwe! Na gauni limenipanda mapajani.

Akageuza uso, akanirushia shuka. Halafu, "Mama, nishike shingoni." Shingoni, shoga! Mkwe!

Akanivuta, nikarudi chini kama gunia. Akauliza polepole, "Mama, umekula lini?"

Ikabidi nimwambie ukweli. Tangu juzi ni maji na chai kavu. Daktari alisema nipunguze wanga na sukari, nile mayai na maharage, nisijishindishe njaa, maana mzee akijinyima chakula, nguvu za miguu huisha. Mimi nikataka kilo zishuke upesi.

Unajua mkwe hakucheka? Machozi yalimlenga. Akasema, "Mama yangu mzazi alijinyima hivihivi. Tulimzika mwembamba."

Tulimzika mwembamba. Alisema hivyo, shoga.

Akachemsha mayai, nikayala palepale sakafuni, yeye kaketi kando yangu. Ndipo akaninyanyua. Nimeogopa kweli.