Kipande cha Mwisho cha Udongo wa Mama Jumwa

Jumwa wa Ngowa, Changamwe. Alifariki Mei 1947.

Mwaka umetimia, Mama, tangu tukuache makaburini, mvua ya masika ikitunyeshea. Kiti chako cha miguu mifupi bado hakijakaliwa.

Ulikuwa mfinyanzi, lakini watu walikujua zaidi kwa watoto wadogo uliowafundisha kufinyanga kwenye baraza ya shule ya kanisa. Uliwawekea donge moja kubwa, ukampa mmoja wao uzi wa kukatia. Sharti lako halikubadilika: anayekata huchukua kipande cha mwisho. Kisha kila mtoto alikanda udongo wa jirani yake na kuutoa kokoto, maana vyungu vyote vilichomwa pamoja, na kimoja kikipasuka huvunja vya wenzake.

Chungu kilichopinda hukukinyoosha. Ulimwachia mwenyewe, ukakisifu kwa kusimama.

Nafula alipokuja, mtoto wa kuli kutoka bara, wenzake walikicheka Kiswahili chake. Akanyamaza kabisa, akawa anaficha udongo chini ya gauni. Hukumnyang'anya. Uliwaambia tu wale wengine, “Haya, chekeni. Jumamosi vyungu vyenu vitalala moto mmoja na chake, na hakuna aliyemkandia udongo.” Kicheko kikakatika. Jirani yake akamwendea, naye Nafula akautoa udongo aliouficha.

Moto ule haukuwashwa. Homa ilikushika Alhamisi, Jumamosi tukakuzika. Tukiwa matangani, shule ikaitaka baraza iweke madawati. Vyungu vikatolewa nje uani, mvua ikavifanya tope. Mwalimu mkuu alimwambia Baba asisikitike, ni udongo tu. Binti yako Dorcas alimjibu maneno ambayo ungemkanya mbele za watu, kisha jikoni ungeyacheka.

Darasa lako halikufunguliwa tena. Hilo linatuuma kama kifo cha pili.

Baba alilizoa lile tope, akalitia debeni na kulifunika gunia. Kila akitoka ibadani Jumapili alilinyunyizia maji, asiseme ni la nini. Jumapili iliyopita akawaita watoto nyumbani. Walilizunguka debe, wasitake kuugusa uzi wako. Mwisho aliushika Nafula. Alikata, akagawa, mpaka kikabaki kipande kisichojaa kiganja chake. Dorcas akataka kumwongezea.

“Hapana, dada,” akasema, kwa Kiswahili chake kilekile cha bara. “Aliyekata huchukua cha mwisho.”

Hakuna aliyecheka. Baba alitoka nje, akakawia kurudi.

Jumamosi tutawasha moto uani kwetu. Kuni zipo, makumbi ya nazi yapo. Wa kuutazama na kujua kuwa umetosha ndiye tusiye naye.

Unakumbukwa na mumeo Ngowa; wanao Dorcas, Nguma na Lewa; dada yako Kafedha; na watoto wa barazani.

Hatutakusahau maisha yetu yote, Mama. Bado tunakandiana udongo.